Matarumbeta Mawili, Taulo Moja

Mtazame anavyoingia. Begi la spana begani, mkoba mweusi wa tarumbeta mkononi, na mguu mmoja wa suruali umelowa hadi gotini kwa sababu kuna nyumba fulani leo sinki lilikataa kuzibuka kwa amani. Anasukuma mlango wa ukumbi kwa kiwiko. Anatoa salamu kabla hajaona nani yumo. Anakaa, anakiona kiti kinayumba, anahama. Anasimama kufungua dirisha, anapiga hatua mbili, anarudi kulifunga. Na vidole vitatu vya mkono wa kulia, tarumbeta lingali ndani ya mkoba, vimeshaanza kubonyeza paja: kimoja, kingine, viwili kwa pamoja, utadhani paja lenyewe litalia.

"Bomba, kaa basi! Unatupa kizunguzungu," anasema mpiga tuba, mwokaji mikate mmoja mnene mwenye nyusi zilizounguzwa na tanuri.

"Nimekaa, ndugu yangu."

"Umekaa? Huko ni kutua. Hata nzi anatua."

Ndiyo hali yake huyo. Jina la Bomba alipewa kwa sababu mchana ni fundi bomba, na jioni anapuliza bomba jingine, la shaba, lenye sauti. Bendi yao ni ya matarumbeta, tromboni, tuba moja kubwa ya sauti nzito na ngoma mbili, nayo hufanya mazoezi katika ukumbi ulio nyuma ya kituo cha zimamoto. Anayewaongoza ni mama mmoja mstaafu wa zimamoto hiyo hiyo. Wanamwita Kiongozi, na hata leo akiinua fimbo yake, mgeni asiyemjua hutafuta mlango wa dharura.

Bomba alikuwa mkalia kiti cha kwanza. Nieleze kidogo hapo. Katika bendi yao wapiga tarumbeta huketi kwa mpangilio, na wa kiti cha kwanza ndiye anayeanzisha wimbo na kupanda peke yake pale ambapo wengine hushusha ala zao na kusikiliza. Bomba alikikalia kiti hicho tangu mpwa wake hajui kufunga kamba za viatu. Kilishika umbo lake, kama kiatu cha zamani.

Lakini kwa mwaka mzima alikuwa na siri. Wimbo wao wa kufungulia una noti moja ya juu kabisa, karibu na mwisho, ambayo watu huingojea. Siku moja noti ile ilichanika. Haikukosekana, la. Ilitoka na upepo pembeni, kama shati lililotatuka mshono. Wiki iliyofuata ikachanika tena. Bomba akaanza kuipiga kwa nguvu zaidi, shingo ikimtoka mishipa, na akitoka mazoezini midomo imemvimba kama aliyeng'atwa na nyuki. Akajisemea moyoni: ni uzee huu. Mdomo umekwisha.

Mtu akishajiambia hivyo hawezi tena kutulia. Kwanza alikataa. Akasema si mdomo, ni kinywa. Kinywa, kwa lugha yao, ni kile kikombe kidogo cha chuma kinachochomekwa mwanzoni mwa tarumbeta, ambacho mpigaji anakibandika midomoni. Vipo vya kila namna. Chenye kikombe kipana hutoa sauti nene ya kushibisha, ila kinachosha. Chembamba hupanda juu kirahisi lakini sauti hulia kama birika. Chenye ukingo mkali hushika vizuri na kuumiza vizuri vilevile. Bomba alivijaribu vyote. Alinunua, aliazima, alibadilishana, alimwendea fundi wa mashine ya kukereza vyuma amchongee. Na kila kinywa kipya kilikuwa na tabia moja: siku mbili za mwanzo noti inakuja, siku ya tatu inamkimbia. Vikajaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno, aliliona kopo hilo siku moja akifagia. Akalitikisa, likalia chang'a chang'a.

"Wenzangu waume zao wana nyumba ndogo," alisema. "Wangu ana vikombe vidogo. Nishukuru au nilie?"

"Shukuru, mke wangu. Hivi havili."

"Haviongei pia. Wewe je? Una nini?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na unakunja kona za shuka usingizini kwa vidole vitatu?"

Sasa, bendi hii ina desturi yake. Kila mwaka kiti cha kwanza hufunguliwa. Pazia hutundikwa ukumbini, ni mashuka mawili aliyoyaunganisha mke wa Bomba mwenyewe, na anayekitaka kiti anapiga akiwa nyuma yake. Upande wa pili anakaa Kiongozi pamoja na wageni wawili kutoka bendi nyingine. Mpigaji haruhusiwi kusema wala kukohoa, na anavua viatu mlangoni ili asitambulike kwa mwendo. Ndiyo maana kwao kugombea kiti huitwa "kuvua viatu". Miaka mingi Bomba alivua viatu peke yake, akapiga, akavaa, wakacheka, yakaisha.

Mwaka huo mpwa wake alimwita nyumbani kwake kurekebisha mfereji wa jikoni. Huyu mpwa ni mtoto wa dada yake aliyefariki, na Bomba ndiye aliyemfundisha kupuliza, tangu meno ya utoto. Sasa ni mwanamke mzima, anauza dawa kwenye famasi, na bendini anakaa kiti cha tatu. Bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, aliposikia sauti juu yake.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Mwaka huu na mimi nitavua viatu."

Spana ilizunguka zaidi ya inavyotakiwa. Nati ikapasuka, maji yakamrukia usoni, akainuka, akagonga kichwa kwenye sinki.

"Mjomba, umeumia?"

"Vua, mama," alisema, maji yakimtiririka masikioni. "Vua tu. Sakafu ni ya wote."

Alitoka pale akitabasamu. Alipofika kona ya kwanza, tabasamu lilikuwa limekwisha. Alitembea hadi mwisho wa barabara, akagundua kwamba nyumbani ni upande wa pili.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya pazia, ilikuwa siku ya kuosha. Hiyo nayo ni ada ya ukoo wao mdogo: mjomba huosha matarumbeta yote mawili, lake na la mpwa. Mpwa huleta lake akienda kazini, hulichukua akirudi.

Kuosha tarumbeta si jambo la kukurupuka. Unalifungua lote. Unatoa vijibomba vya kuchomoa, unatoa valvu. Valvu ni zile silinda tatu za katikati zinazopanda na kushuka ukibonyeza, ndizo zinazopeleka pumzi njia hii au ile. Unafungua vitufe vyake vya juu, unatoa springi. Kisha maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto yasije yakababua rangi, sabuni laini, na brashi ndefu inayopinda kama nyoka. Unasuuza, unakausha, unarudisha kila valvu kwenye kichumba chake na tone la mafuta mepesi. Si mafuta ya kupikia! Kuna mpiga tromboni mmoja aliwahi kutumia ya kupikia, ala yake ikaganda, na mpaka leo wanamuuliza vitumbua viliiva.

Matarumbeta haya mawili yalikuwa mapacha. Yalinunuliwa na bendi pamoja, ndani ya sanduku moja. Tofauti ni maisha yaliyoyapitia. La Bomba lilipigwa kila siku ya Mungu. La mpwa lililala kabatini miaka mingi kwa kukosa mwenyewe, mpaka msichana alipokua. Ukiyafungua, valvu zake zina namba tu: moja, mbili, tatu. Hazina jina la mwenyewe. Kwa hiyo Bomba alijiwekea sheria, akamfundisha na mpwa: tarumbeta moja, taulo moja. Usiyachanganye kamwe, kwa sababu kila valvu imezoeana na kichumba chake kama mguu na kandambili.

Jumamosi ile alikuwa ameshaanza, mikono ina povu, simu ikaita. Fundi wa kukereza: kinywa kipya tayari. Bomba akasahau yote. Akaacha vyuma kwenye beseni, akakimbia, akarudi na kinywa mfukoni, kinang'aa, kizito kidogo, ukingo laini. Akatazama kamba ya nguo: taulo la pili mkewe amelilowanisha. Basi akamwaga vyote juu ya taulo moja. Miwani ilikuwa imepata povu, akaisukuma juu ya kichwa. Akafuta, akapaka mafuta, akachomeka, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, akafunga vitufe. Mikono ilikwenda yenyewe. Kichwa kilishafika kwenye noti ya juu.

Alipomaliza alilishika tarumbeta lake, akakichomeka kinywa kipya, akavuta pumzi.

Noti ikaja.

Haikuja kwa kusukumwa. Ilikuja kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango akingoja kuitwa. Nyororo, nzima, haina upepo pembeni. Bomba alishusha tarumbeta akalitazama. Akaipiga tena. Cherehani ndani ikanyamaza, mkewe akatokea mlangoni na futi shingoni.

"Hiyo ni wewe?"

"Ni mimi!"

"Mbona sijaisikia siku nyingi?"

Kumbe naye alikuwa akisikia. Bomba alikuwa anazunguka ua, akipiga na kucheka, akipiga na kucheka. Jioni mpwa alipita kuchukua lake, amechoka, akalibeba ndani ya mkoba bila kulijaribu, maana anaishi ghorofani na majirani zake hawana uvumilivu.

*

Jumapili alasiri pazia lilikuwa limetundikwa. Kiongozi na wageni wake wamekaa, migongo imenyooka. Bomba na mpwa walipiga kura nje, nani aanze, ikamwangukia mpwa. Wakapewa muda wa kupasha ala: mpwa kwenye stoo ya ngoma, Bomba kwenye korido.

Bomba alipiga ngazi za sauti, akapanda, akaigusa ile noti kwa mbali tu, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Upo. Mpiga tuba alipita na viatu vyake mkononi, maana siku hiyo hata wasiogombea huvua viatu kwa heshima.

"Bomba, leo umekula nini? Umerudi ujana?"

"Kinywa, ndugu yangu. Nilikuwa natafuta kinywa."

"Basi ficha hicho kidole cha mguu. Soksi imetoboka, wageni watakujua."

Wakacheka. Na katika kicheko kile, kutoka stoo, Bomba akasikia tarumbeta la mpwa likipanda. Lilifika pale juu, likachanika.

Furaha ndogo ilimpita moyoni. Nisimsingizie wala nisimfichie: ilimpita, akaisikia. Kisha mpwa akaipiga tena, ikachanika palepale, na upepo uleule pembeni. Bomba akaacha kucheka. Sauti ile aliifahamu kama mtu anavyofahamu kikohozi cha nyumbani kwake. Aliishi nayo mwaka mzima. Mdomo wa mpwa ni mchanga, haujazeeka popote. Sasa mpasuko wake yeye umefikaje mle?

Akaingia stoo. Mpwa alikuwa amekaa juu ya ngoma, macho yanametameta.

"Mjomba, sijui nina nini. Pumzi yangu inapotelea njiani."

Inapotelea njiani. Maneno hayo Bomba husikia kila siku kazini. Maji yanatoka tangini, bombani hayafiki. Mwenye nyumba hulaumu tangi, hulaumu mfereji, na fundi huinama akatafuta panapovuja. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema. Mwaka mzima aliuona uvujaji wa kila nyumba mjini, ila huu.

"Lete," alisema.

Akavuta kijibomba kimoja cha tarumbeta la mpwa bila kubonyeza valvu, akangoja kidogo, kisha akabonyeza. Kimya. Akafanya vilevile kwa lake: pop! Kama kizibo cha chupa. Valvu inayobana vizuri hushika hewa na kupiga mlio ule. Iliyolika huachia hewa kimyakimya. Lake, tarumbeta kuukuu lililopigwa kila siku, ndilo lililobana. La mpwa, lililolala kabatini, ndilo lililovuja.

Akafungua valvu moja ya mpwa, akaitoa taratibu. Fedha yake imelika ubavuni, mstari wa njano unaonekana kama mfupa. Ilikuwa yake. Kazi ya kidole chake mwenyewe, miaka yote ile.

Wenzangu, hebu tusimame hapa naye. Haukuwa mdomo. Hakikuwa kinywa. Kopo zima la biskuti lilikuwa bure. Na noti iliyomrudia jana ilirudi juu ya valvu za mtoto wa dada yake. Akiirudisha valvu ile mahali ilipokuwa na kufunga kitufe, hakuna atakayejua. Kura imeshapigwa. Kiongozi ameshagonga fimbo mara moja.

"Labda ni woga tu, mama," alisikia mdomo wake ukisema. "Pumua. Ukitulia..."

"Ndicho kinachokusumbua na wewe, eti?" mpwa akamkatiza. "Tangu mwaka jana. Nakaa karibu nawe, mjomba, nasikia. Nilinyamaza tu. Nikasema akitaka kuniambia, ataniambia."

Bomba akakaa chini. Alikaa kweli, sakafuni, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza siku nyingi vidole vyake havikubonyeza kitu.

"Si woga," alisema. "Hizi valvu ni zangu. Zako ziko kwangu. Nilizichanganya jana."

Mpwa aliitazama valvu, akamtazama yeye. "Wewe? Taulo moja?"

"Taulo moja."

"Na hukuona? Mstari wote huo wa njano?"

"Sikuwa na miwani."

"Ilikuwa wapi?"

Bomba alijigusa kichwani.

Waliyafungua matarumbeta yote mawili pale sakafuni, harakaharaka, lake juu ya shati lake, la mpwa juu ya kitenge cha mpwa, wakarudisha kila kitu kwao. Mpwa akapiga. Ikalia safi. Fimbo ya Kiongozi ikagonga mara ya pili. Mpwa alisimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Nikimaliza nakuachia hili. Upige nalo."

"Tarumbeta lako?"

"Ni la bendi. Kila mtu na kinywa chake, tarumbeta moja. Sitaki kukushinda kwa tobo, mjomba."

Akaondoka, nyayo hazisikiki. Kutoka stoo Bomba alimsikiliza akianza wimbo, akipanda bila pupa, akisimama juu pale kama mtu aliyefika kwake, akishuka. Aliporudi alilikabidhi tarumbeta likiwa bado na joto la mikono yake.

Bomba akalipokea. Mwaka mzima alikuwa na cha kulaumu: mdomo, kinywa, kisha valvu. Leo hana hata kimoja. Mfukoni alikuwa na vinywa viwili, kipya na kile cha zamani alichoanzia. Akashika kimoja, akashika kingine, akarudia, mpaka Kiongozi akagonga kwa hasira. Akatoa cha zamani, akaenda.

Nyuma ya mashuka ya mkewe alisimama na kidole kimoja cha mguu nje ya soksi. Akapuliza. Mwanzo ulikwenda. Katikati aliiona ile noti ikimngoja kwa mbali, akatamani afike, amalize, ajue. Akakaza mwendo. Akafika. Ilitoka nzima, nzuri kuliko ya jana. Lakini hakukaa juu yake. Aliigusa akashuka, kama anavyokaa kwenye viti.

Wageni walinong'ona na Kiongozi. Kisha Kiongozi akasema kwa sauti ile ya kuamuru mipira ya maji: "Wa kwanza. Wote wawili wana sauti. Wa pili anapiga kama anakimbizwa na mwenye nyumba."

Akavuta pazia, akamwona Bomba.

"Kumbe ni wewe. Nilipaswa kujua!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bomba naye akacheka, na mpwa akamkumbatia shingoni, machozi na kicheko pamoja, bila kumwachia.

*

Tarumbeta lake lilipelekwa kwa mtu anayepaka valvu fedha upya na kuzibana, na likarudi likipiga pop kama chupa. Kopo la biskuti mkewe amelitia vifungo, vinywa kavifunga kwenye soksi iliyotoboka. Bomba sasa anakalia kiti cha pili. Anasema kinayumba, ingawa mpiga tuba amekikalia akasema hakiyumbi.

Juzi, mazoezi hayajaanza, mpwa alimwinamia kutoka kiti cha kwanza.

"Mjomba, nikuulize kitu usikasirike?"

"Uliza, mama."

"Siku ile ya kuosha. Wewe unaona ufa wa bomba gizani. Unajua maji yatavujia wapi kabla hayajavuja. Kweli hukuona?"

Bomba alifungua mdomo. Vidole vitatu vikaanza kubonyeza paja. Kiongozi akainua fimbo, kila mtu akavuta pumzi, wimbo ukaanza.

Nami nimekaa naye mara nyingi, nimemwona akiitafuta miwani iliyo kichwani mwake, na nimemwona pia akiupapasa ukuta mkavu akasema vunja hapa, na maji yakatoka. Wewe uliyesimama naye kwenye taulo lile unasemaje: mkono ulikosea, au mkono ulijua?